Bei ya msimu huu ndiyo mavuno ya miaka kumi ijayo

Kila mwaka Bunge la bajeti linapokaa Dodoma, hotuba ya kilimo huja na tarakimu zake: tani za korosho, tani za tumbaku, dola za kahawa, asilimia za ongezeko. Wabunge hupiga meza, na magazeti ya kesho yake huandika kwamba rekodi imevunjwa. Miaka hii rekodi za kusema zipo kweli. Msimu wa 2024/25 korosho ilipita tani 500,000, kiasi ambacho nchi hii haikuwahi kukivuna. Tumbaku ilivuka tani 120,000 msimu wa 2022/23. Mwanzoni mwa 2025 kahawa ya arabika ilipanda katika soko la New York hadi kupita dola nne kwa ratili, bei ambayo wakulima wengi wa Kilimanjaro na Mbinga walikuwa hawajaisikia maishani mwao.

Ni habari njema, na mtu aliyewahi kuishi kwa mazao haya anajua zina maana gani katika ada ya shule na mabati ya nyumba. Lakini nchi hii imewahi kuvunja rekodi kabla ya leo. Mwaka 1964 tulikuwa wa kwanza duniani kwa mkonge. Msimu wa 1973/74 tulivuna tani 145,000 za korosho, takribani theluthi moja ya korosho zote zilizouzwa ulimwenguni. Msimu wa 2005/06 kanda ya ziwa ilitoa tani zipatazo 376,000 za pamba mbegu. Kila kilele kilifuatwa na mteremko, na mingine ilichukua miongo kadhaa kurudi ilikoanzia. Ukiitandaza mezani miaka sitini ya mauzo ya mazao yetu nje, utaona kwamba mteremko mara nyingi uliandaliwa katika miaka ileile ya kupigiana makofi, bei ilipokuwa nzuri na mkulima akapewa kidogo.

Kwanza tukubaliane juu ya kipimo, maana hapo ndipo hesabu nyingi hupotoka. Shilingi ya Tanzania ilipoanza kutumika mwaka 1966, dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa Sh7.14. Mwaka 2024 dola hiyohiyo ilipita Sh2,500. Gunia lililouzwa dola 100 lilileta Sh714 wakati ule na zaidi ya robo milioni mwaka 2024, hata kama halijaongezeka kilo moja wala bei yake ya nje haijapanda senti. Anayesifia kupanda kwa mauzo kwa shilingi, kwa sehemu kubwa anasifia kushuka kwa shilingi. Nayo dola haikusimama palepale. Kilichonunuliwa kwa dola moja mwaka 1966 leo kinahitaji zaidi ya dola tisa. Kwa hiyo zao lililoingiza dola milioni 30 enzi za Azimio la Arusha linapaswa kuingiza karibu dola milioni 300 sasa ili tuseme halijarudi nyuma. Halafu tuwagawie watu: sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12 na ushei, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7.

Kwa kipimo hicho picha inabadilika. Mazao yetu ya asili ya biashara, yaani kahawa, pamba, mkonge, chai, tumbaku, korosho na karafuu, kwa zaidi ya muongo mmoja yalipanda na kushuka bila kuachana sana na dola bilioni moja kwa mwaka, na ipo miaka yalianguka chini kabisa ya hapo. Katika muda huohuo dhahabu peke yake ilipanda hadi kuvuka dola bilioni tatu mwaka 2023, na utalii nao ukapita kiwango hicho. Nchi ambayo wakati wa Uhuru iliishi kwa singa za mkonge, buni na nyuzi za pamba, leo inalipia mafuta na dawa zake kwa mawe ya Geita na wageni wa Serengeti. Mazao hayakufa. Yalipitwa.

Mkonge na nyuzi za plastiki

Mkonge uliingia nchini mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yakaota mashamba ya Tanga, Korogwe, Muheza, Morogoro na Kilosa, reli ikapata mzigo, na watu wakatoka Kigoma, Songea na hata nje ya mipaka kuja kufanya kazi kwa mkataba. Waliitwa manamba, kwa sababu mtu aliandikwa kwa namba kabla ya jina. Jani lilikatwa kwa mkono, likafungwa mizigo, likapelekwa kwenye korona, ile mashine kubwa inayosaga nyama ya jani na kubakiza singa. Katika kila kilo 100 za majani singa kavu hupatikana kama kilo nne tu. Zilizobaki zilimwagwa na maji mtoni. Vita vya Korea mwanzoni mwa miaka ya 1950 vilipandisha bei hadi mkonge ukawa unaingiza fedha nyingi kuliko zao jingine lolote la Tanganyika, na kufikia 1964 uzalishaji uligota kwenye tani 230,000 hivi.

Kilichofuata hakikutokana na kosa la mkulima wala la serikali. Viwanda vya Ulaya na Marekani vilianza kusokota kamba kwa polipropilini, nyuzi zinazotokana na mafuta ya petroli, na wakulima wa huko waliokuwa wakifungia majani makavu kwa kamba za mkonge wakahamia kwenye plastiki. Bei ikaporomoka katikati ya miaka ya 1960. Mwalimu Nyerere alitumia mfano huo mara kwa mara kueleza dunia isivyo sawa: trekta lilelile, kila miaka ikipita, lilidai tani nyingi zaidi za mkonge. Wachumi Raúl Prebisch na Hans Singer walikuwa wamelisema jambo hilo tangu 1950, kwamba bei za mazao ghafi hushuka taratibu zikilinganishwa na bei za vitu vya viwandani. Tanga ililiona kwa macho.

Lakini hata katika kisa hiki ambacho soko ndilo lenye lawama kubwa, kuna sura ambayo haisimuliwi sana. Mkonge huchukua kama miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kisha hukatwa kwa miaka mingi mpaka utoe mlingoti na kufa. Bei iliposhuka, wenye mashamba wengi waliacha kupanda upya. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na mashirika yaliyoyapokea yakarithi mimea inayozeeka na mitambo iliyochoka. Halafu mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ikapaa, plastiki ikawa ghali, na mwaka 1974 bei ya mkonge ikarudi juu kwa kishindo. Dunia ilitaka singa, nasi tulikuwa tunashuka. Majani ambayo yangekatwa mwaka 1974 ni yale yaliyopaswa kupandwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na hayakupandwa. Brazil ilikuwa nayo, na hadi leo ndiyo ya kwanza. Sisi tuliendelea kushuka hadi chini ya tani 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Kufufuka kwa sasa, kwa wakulima wadogo wa Korogwe na mashamba yaliyobinafsishwa, ni kwa kweli, ila bado tuko mbali sana na tani za 1964.

Korosho ya Kusini

Kama kuna zao moja linaloweza kumfundisha mtu yote haya kwa pamoja, ni korosho, na kama kuna mahali pa kulisomea, ni uwanda wa Makonde: Newala, Tandahimba, Nanyamba. Mkorosho ulitoka Brazil ukaletwa na Wareno upande wa Msumbiji, ukasambaa wenyewe kwenye mchanga ambao zao jingine halikuutaka. Waingereza walikuwa na ndoto nyingine kwa Kusini. Kati ya 1947 na 1951 walimwaga zaidi ya pauni milioni 36 katika mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakavuna hasara. Kilichobaki Mtwara ni bandari. Mikorosho haikugharimiwa na mradi wowote. Watu waliipanda wenyewe, mti kwa mti, na ndiyo iliyoipa bandari hiyo kazi.

Hadi 1973/74 mambo yalikwenda vizuri, tani zikafika 145,000. Mwaka 1973 ikaundwa Mamlaka ya Korosho, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima. Ununuzi wote ukawa mikononi mwa mamlaka za mazao. Wakati huohuo Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka kwenye mashamba yao na kuwakusanya kwenye vijiji vipya, mara nyingi kilomita kadhaa mbali na mikorosho. Mkorosho usiopaliwa huzungukwa na kichaka, kichaka huleta moto, na korosho iliyoanguka ndani ya majani haiokotwi. Ukaja na ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajashika tunda.

Bei nayo ilikuwa inazungumza. Mchumi Frank Ellis, aliyezichambua bei za mazao ya Tanzania za miaka ile, alionyesha kwamba sehemu ya mkulima katika thamani ya mauzo ya mwisho ilishuka kutoka takribani theluthi mbili mwaka 1970 hadi kama asilimia 40 mwaka 1980. Sehemu iliyobaki ilimezwa na kodi na gharama za mamlaka zenyewe, maofisi, magari, maghala na mikopo. Msimu wa 1986/87 Tanzania nzima ilivuna korosho zipatazo tani 16,500. Ni kama sehemu moja ya tisa ya zile za miaka kumi na mitatu nyuma. Mikorosho ilikuwapo. Waliokuwa hawaendi shambani ni watu.

Katika kipindi hichohicho serikali ilikopa na kujenga viwanda 12 vya kubangua korosho, vyenye uwezo wa kumeza zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vingine vilikamilika zao likiwa limeshaanguka, na vipo ambavyo havikubangua chochote cha maana. Baadaye viliuzwa, na baadhi vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli ya kwenda India. Deni lililipwa kwa dola, na dola hizo zilitoka kwenye mazao mengine.

Uponyaji ulianza kwa unga wa salfa. Watafiti wa kituo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, walithibitisha kwamba salfa ikipulizwa kwa wakati inazuia ubwiriunga, na biashara ilipofunguliwa miaka ya 1990 wakulima wakaona sababu ya kununua mabomba ya kupulizia. Hata hivyo ununuzi huria ulileta shida yake. Mnunuzi mdogo alikuja kijijini kabla ya msimu, mwezi ambao ghala la chakula ni tupu, akatoa fedha au mahindi kwa makubaliano ya kulipwa korosho kwa bakuli. Ndiyo kangomba, kama vile Kagera wanavyoijua butura, kahawa inayouzwa ingali maua. Mwaka 2007 ukaletwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, zinapimwa na kupelekwa ghala kuu, kisha zinauzwa mnadani.

Mnada wa korosho una utaratibu wa kupendeza. Siku hiyo wakulima hujaa uwanjani, viongozi wa chama kikuu mbele. Bei za kampuni zinasomwa hadharani, moja baada ya nyingine, na wenye mali ndio wenye neno la mwisho. Bei ikiwaridhisha wanakubali. Isipowaridhisha wanakataa na mnada unavunjika. Kabla ya hapo korosho zimeshapimwa: sampuli huchukuliwa kutoka kwenye magunia, kila korosho inapasuliwa katikati kwa kisu, kiini kizuri kinawekwa kando na kilichooza au kusinyaa kando, kisha vyote vinapimwa uzito. Mkulima aliyeanika vizuri siku mbili tatu juani na kuondoa korosho changa anaijua faida yake pale mezani. Baada ya mauzo huja makato: ushuru wa halmashauri ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, fedha za chama cha msingi na chama kikuu, usafiri, ghala, magunia. Kila kato lina jina na maelezo yake. Mkulima hutazama kilichobaki.

Mfumo huu ndio ulioipandisha korosho msimu wa 2017/18 hadi zaidi ya tani 310,000, kwa bei iliyofika karibu na Sh4,000 kwa kilo. Mwaka 2017 mauzo ya korosho nje yalipita dola milioni 500, yakawa ya kwanza kati ya mazao yote. Kusini walijenga nyumba. Pikipiki zilinunuliwa kwa fedha taslimu.

Mwaka uliofuata wote tunaukumbuka. Juni 2018 Bunge lilibadili sheria ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, na ile sehemu ya asilimia 65 iliyokuwa ikirudi kwenye zao kwa ajili ya pembejeo na utafiti ikaenda mfuko mkuu. Wabunge wa Kusini walipinga mpaka sauti zikakauka. Oktoba soko la dunia lilikuwa limeshuka, kampuni zikaja na bei za chini, wakulima wakazikataa. Novemba 12 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo, na magari ya Jeshi la Wananchi yakaenda kuzibeba. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, na bei ile ilizidi ya wafanyabiashara. Lakini malipo yalikuja polepole, uhakiki ukachukua miezi, wapo waliosubiri mpaka msimu mwingine ukakaribia, na korosho zenyewe zikabaki maghalani huku wanunuzi wa nje wakienda Afrika Magharibi. Mauzo ya nje ya korosho kwa mwaka 2018 yakashuka chini ya dola milioni 200. Misimu iliyofuata uzalishaji ulisuasua, hadi 2022/23 ukawa chini ya tani 200,000. Mkulima aliyecheleweshewa fedha yake hakupata ya salfa, na mkorosho usiopuliziwa salfa haungoji maelezo.

Halafu ukaja mpando mpya. Serikali ilirudisha mkono kwenye pembejeo, salfa na viuatilifu vikagawiwa kwa wakulima bila malipo au kwa ruzuku kuanzia 2021, minada ikahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, na Oktoba 2024 bei ya minada ya kwanza ikarudi juu ya Sh4,000. Tani 500,000 na zaidi za 2024/25 hazikutoka angani. Ni salfa ya miaka mitatu minne na miche ya miaka sita saba iliyotangulia.

Kahawa, karafuu na mbaazi

Kahawa ina hadithi iliyo karibu na hiyo. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya jimbo la Paraná nchini Brazil, na mwaka 1977 bei ya dunia ilikuwa haijawahi kuonekana. Tanzania ilipata akiba ya fedha za kigeni iliyokuwa nzuri kwa muda mfupi, kisha ikaisha kwa kulegeza uagizaji wa bidhaa mwaka 1978 na kwa Vita vya Kagera. Sehemu nene ya bei ile ilichukuliwa na ushuru wa kusafirisha nje, na kwa mwenye shamba la kihamba huko Rombo, mwenye Kenya hatua chache mbali, magendo yalikuwa na mantiki. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yakavunjika, bei ikaanguka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanguka zaidi. Mchaga hakuruhusiwa kung'oa mbuni bila kibali, basi akauacha uzeeke. Katikati ya mistari akapanda ndizi na nyanya, vitu vinavyouzika Moshi na Dar es Salaam kila wiki bila kusubiri mnada. Kwa miaka mingi nchi ilizalisha kama tani 50,000 tu. Vietnam, ambayo katikati ya miaka ya 1980 haikuwa ikitajwa kwenye kahawa, kufikia karne mpya ilikuwa ya pili duniani.

Wapemba hawahitaji kusimuliwa. Karafuu ilikuwa dhahabu ya Zanzibar tangu enzi za Seyyid Said, na kwa miaka mingi mteja wake mkubwa alikuwa Indonesia, inayoitia kwenye sigara zake. Indonesia ikapanda yake, ikajitosheleza miaka ya 1980, na bei ikaporomoka. Serikali ya Zanzibar ilikuwa inanunua peke yake na kumlipa mkulima kipande kidogo cha bei ya nje, mashua zikavuka usiku kwenda Shimoni na Mombasa, na mikarafuu, inayongojewa miaka saba au minane kabla ya kuzaa vizuri, ikazeeka bila kufidiwa. Ilipofika 2011 Zanzibar ikaamua kumlipa mkulima kama asilimia 80 ya bei ya nje, na magendo yakapungua kwa kiasi kikubwa bila bunduki kuongezwa. Huo ni uamuzi ninaopenda kuutaja kila tunapozungumzia bei.

Mbaazi nazo. Baada ya Waziri Mkuu wa India Narendra Modi kuzuru Dar es Salaam Julai 2016, wakulima wa Babati, Lindi na Mtwara walipanda kwa matumaini. Agosti 2017 India, ambayo ndiyo mla mbaazi wetu, ikaweka kikomo cha kuingiza zao hilo ili kulinda wakulima wake. Bei iliyokuwa imepita Sh1,000 kwa kilo ikashuka hadi mia moja na kitu mahali pengine. Wengi waliziacha shambani. Mbaazi ni zao la msimu mmoja, kwa hiyo jeraha lake hupona upesi. Lingekuwa mti, tungekuwa bado tunalihesabu.

Kiini kinachoondoka na ganda

Nimeacha suala la kubangua hadi hapa kwa makusudi, maana ndilo linalotajwa zaidi katika hotuba na ndilo gumu zaidi. Sehemu kubwa sana ya korosho zetu inaondoka ghafi, ikiwa na ganda lake, kwenda India na Vietnam. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja ya kiini. Kwa hiyo kila meli inayoondoka Mtwara tunaisafirishia maganda, na thamani ya kazi ya kuyaondoa inaandikwa kwenye hesabu za nchi nyingine. Wanawake wa Mtwara na Lindi wanaobangua kwa mkono wanajua kazi hiyo ilivyo: ganda la korosho lina mafuta yanayochoma ngozi, na mikono hupakwa majivu kabla ya kuanza. Wanachopata kwa kiini kilichofungwa vizuri kinapita mbali thamani ya ghafi. Kwa nini basi viwanda havijai? Kwa sababu mbanguaji wa hapa hushindana mnadani na mnunuzi wa Vietnam mwenye mkopo wa riba ndogo na mashine za kisasa, naye lazima anunue ndani ya miezi mitatu korosho za kubangua mwaka mzima. Bila mtaji wa kulaza ghalani, kiwanda kinafunga Aprili.

Ndiyo maana siamini njia ya mkato ya kupiga marufuku ghafi kwa tamko. Tukifunga mlango wa Vietnam kabla ya wabanguaji wetu kuwa na fedha za kununua tani nusu milioni, bei ya mnadani itaanguka msimu huohuo, na atakayelipia viwanda ni mkulima wa Tandahimba kwa mara ya pili. Baba zake walikwishalipia vile 12. Mtaji wa mbanguaji utafutwe kwingine: benki, mifuko ya hifadhi, na ule ushuru wa ghafi wenyewe.

Bei zinapokuwa nzuri, ndipo mikono huanza kuinyooshea korosho. Halmashauri zina bajeti za kujaza, vyama vikuu vina majengo ya kumalizia, na kila mwenye mpango wa maendeleo anaona senti hamsini kwa kilo kuwa kitu kidogo. Senti hizo zikijumlishwa huwa shilingi, na shilingi huwa mamia, na mkulima anazijua zote kwa sababu zimeandikwa kwenye stakabadhi yake. Nadhani makato ya korosho, kahawa na pamba yangepaswa kusomwa bungeni kila mwaka pamoja na tani na dola, zao kwa zao: kati ya bei iliyolipwa bandarini, kiasi gani kilifika mkononi mwa aliyelima. Tarakimu hiyo moja ingetueleza mapema kuliko nyingine yoyote mavuno yetu yanakoelekea.

Miche iliyogawiwa kwa mamilioni tangu 2017 haikubaki Kusini. Imepelekwa Singida, Dodoma, Tabora na kwingineko, na huko Manyoni yako mashamba makubwa ya pamoja ya korosho kwenye ardhi ambako babu za wenyeji hawakuwahi kuota mkorosho. Wakulima wa huko hawana kumbukumbu ya Mamlaka ya Korosho wala ya korosho za 2018. Mikorosho yao mingi itafikia umri wa kuzaa kikamilifu mwanzoni mwa miaka ya 2030, na watakachoamua kati ya sasa na wakati huo, kupalilia au kuacha, kupulizia au kuuza bomba, wataamua kwa kutazama stakabadhi za Newala.